Kitenge kimoja kinabadilisha chumba cha homu

Wewe unayeingia homu, yaani bweni la wanafunzi, mwaka huu hapa Bukavu, usikimbilie kununua rangi. Panda hadi soko la Kadutu asubuhi, utafute kipande kimoja cha kitenge, zile yadi 2, chenye rangi ya kung'aa. Mimi napenda njano, inaamsha ukuta wa simenti. Funga kamba juu ya kitanda, ukining'inize kwa vibanio vya nguo. Usikigandishe ukutani! Mvua zetu zinaleta unyevu, na kitambaa kisichopata hewa nyuma yake kinaota ukungu; acha nafasi ya vidole viwili. Kioo nacho kielekeze dirishani, mwanga ufike hadi kwenye kona ya vitabu. Kitenge kikichafuka unakifua tu, na ukihama unaondoka nacho.