SOMO: Kufutiwa rekodi ya jinai kupitia wakili, mwanzo hadi mwisho

Wakuu, naandika hili mara moja ili anayeuliza tena nimwelekeze hapa. Swali ni lile lile: "Nipeni wakili anayefuta rekodi." Wakili hafuti rekodi. Wakili anaomba, mwenye mamlaka anaamuru, na zinazofuta ni ofisi zinazotunza kumbukumbu. Mimi ni karani wa mawakili, siyo wakili, ila mafaili haya nayajua nje ndani.

1. Jua sheria ya pale ulipohukumiwa, siyo unapoishi sasa. Nchi hazifanani. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, na ngazi ya shirikisho haina sheria ya jumla ya kufuta hukumu. Uingereza, sheria ya 1974 inakuruhusu kutoitaja hukumu iliyopitwa na muda unapoomba kazi nyingi, lakini polisi bado wanayo. Afrika Kusini maombi yanakwenda Wizara ya Sheria, na kwa kawaida unasubiri miaka 10 kwanza. Kuna nchi hazina utaratibu huo kabisa, na wakili mkweli atakwambia siku ya kwanza.

2. Omba rekodi yako mwenyewe polisi, kwa alama za vidole.

3. Isome shtaka kwa shtaka. Siku moja ya kukamatwa inaweza kuzaa mashtaka matatu: moja umetiwa hatiani, la pili limeondolewa, la tatu halina mwisho wowote ulioandikwa. Hilo la tatu ndilo linalosumbua, maana anayesoma ataona kesi iko wazi. Liwekwe sawa na mahakama iliyolisikiliza kabla ya kuomba lolote. Angalia pia jina; herufi moja ikikosewa, amri inaweza kumfuta mtu asiyekuwepo.

4. Maliza adhabu yote: faini, fidia, gharama za mahakama, kifungo cha nje. Sehemu nyingi muda wa kusubiri unaanza siku uliyomaliza adhabu, siyo siku ya hukumu. Tafuta stakabadhi.

5. Mkataba wa wakili uwe wa maandishi. Uliza ada inafika wapi: kuandaa maombi tu, au pamoja na kusimama mahakamani mwendesha mashtaka akipinga, na kusambaza amri baadaye? Wengi wanaishia kwenye kuandaa. Anayekuhakikishia ushindi, aga uondoke.

6. Maombi na kiapo vinawasilishwa, upande wa mashtaka unapewa nakala. Ukiitwa, nenda. Usimlaumu polisi aliyekukamata. Siku hiyo kinachopimwa ni ulivyoishi tangu wakati ule.

7. NAKALA. Hapa ndipo watu wanapoumia, someni polepole. Kabla amri haijatekelezwa, chukua nakala za hukumu zilizogongwa muhuri wa mahakama, pamoja na hati ya mashtaka na uthibitisho kwamba ulimaliza adhabu. Amri ikitoka, chukua nakala zake kadhaa zenye muhuri. Nimemwona mteja aliyefurahi, akachana kila karatasi, akisema hataki kuliona tena jambo lile. Baadaye akaomba viza. Ubalozi ukataka hukumu yenyewe. Masjala wakamjibu hakuna faili la jina hilo, na walikuwa sahihi: ndicho alichokuwa ameomba. Ikabidi wakili arudi mahakamani kuomba faili lifunguliwe, kwa ada nyingine. Kwa hiyo: usichane, usimwachie wakili nakala pekee iliyopo, na usiridhike na picha ya simu isiyoonyesha muhuri.

8. Amri haitembei yenyewe. Ipeleke polisi, kwenye hifadhi kuu ya alama za vidole, na mahakama ya awali. Kila ofisi ikugongee "imepokelewa" kwenye nakala yako. Subiri, kisha rudia hatua ya 2. Rekodi ikirudi safi, ndipo umemaliza.

MASWALI

kipanga_mweusi: Mkuu, shilingi ngapi jumla?
Jibu: Nchi gani, kosa gani, mahakama gani? Soma 1 na 5.

Bi_Tatu: Mimi sikuhukumiwa, nilikamatwa nikaachiwa. Kuna cha kufuta?
Jibu: Swali zuri, dada. Kinaweza kuwepo: kukamatwa huacha alama za vidole na maelezo polisi. Habari njema ni kwamba asiyetiwa hatiani mara nyingi ana njia fupi zaidi. Anza na 2. Inawezekana huna chochote cha kufuta.

kipanga_mweusi: Sasa nikishafutiwa si najaza "hapana" kila fomu?
Jibu: Hapana. Soma fomu inauliza nini. Ya uraia wa Marekani, N-400, inataka hata yaliyofutwa. Uhamiaji wa kule hauitambui sehemu kubwa ya hukumu zilizofutwa na majimbo. Kuficha kunaweza kukugharimu kuliko kosa lenyewe.

mtaa_wa_saba: Hivi mnawafundisha wahalifu kujificha?
Jibu: Ni sheria iliyotungwa na bunge, ombi linasikilizwa, mwendesha mashtaka ana nafasi ya kupinga. Kujificha gani huko?

Mwanafunzi_Sheria: Kuna mahali rekodi inafungwa bila mtu kuomba? Na msamaha wa Rais unatosha?
Jibu: Lipo. Pennsylvania ilitangulia majimbo ya Marekani kwa sheria ya 2018: baadhi ya makosa madogo, muda ukitimia, mfumo unayafunga wenyewe. Hata hivyo hakikisha, kwa sababu shtaka lisilo na mwisho kwenye hatua ya 3 linaweza kurukwa. Msamaha wa Rais kule ni kitu kingine: unasamehe, haufuti. Hukumu inabaki ikisomeka, na msamaha pembeni yake.

Bi_Tatu: Na habari ya gazetini je? Jina langu linatokea kwenye Google.
Jibu: Amri ya mahakama kwa kawaida hailigusi gazeti. Ukiwa Umoja wa Ulaya, tangu uamuzi wa mahakama yao ya juu wa Mei 2014 unaweza kuwaomba Google waondoe matokeo yanayotokea kwa jina lako. Habari inabaki kwenye tovuti, na ombi linaweza kukataliwa. Kwingine mwandikie mhariri kwa adabu, uambatishe amri; anaweza kukubali kuongeza mwisho wa kesi.

fundi_tofali: Samahani nje ya mada, alama zangu zimekataliwa, wanasema hazisomeki.
Jibu: Saruji hiyo, kaka. Pumzisha mikono siku chache, paka mafuta usiku, ila siku ya kwenda osha kwa sabuni na ukaushe vizuri. Mwambie anayechukua asikandamize sana, mistari iliyolika ndiyo inapotea kabisa. Wakikataa tena, waombe wakuandikie sababu, umpe wakili aambatishe.