Somo: Protini kwa njiwa wanaolea na makinda wao

Ukiona kinda wa siku tano amekonda, gole, ule mfuko wa chakula shingoni, limelegea na manyoya hayajitokezi, usikimbilie dawa. Mara nyingi njaa yake ilianza kabla yai halijatagwa. Siku za mwanzo kinda hali nafaka hata punje moja. Anakula kinachotoka mwilini mwa wazazi, na mwili hautoi usichopewa. Ndiyo maana somo hili karibu lote linahusu chakula cha baba na mama.

Maziwa ya njiwa hutengenezwa na dume na jike kwa pamoja. Siku chache kabla ya kuangua, homoni ya prolaktini hunenepesha ukuta wa gole, kisha chembe zake zilizojaa protini na mafuta humeguka zikawa kama jibini laini. Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni protini, na karibu theluthi ni mafuta. Kinda anayeanguliwa na gramu 15 hivi anaweza kuongezeka uzito maradufu ndani ya siku mbili. Hakuna unga wala uji utakaokupa kasi hiyo.

Hatua ya 1: Anza mapema. Njiwa wasiolea wanatosheka na chakula chenye protini asilimia 12 hadi 14. Wanaotarajiwa kutaga wapandishe hadi 15 au 18, kama wiki mbili kabla. Kuatamia huchukua siku 17 au 18, na wengi hungoja hadi waone maganda ya mayai ndipo wabadilishe chakula. Wamechelewa.

Hatua ya 2: Changanya nafaka na jamii ya kunde. Protini hujengwa na vipande vidogo viitwavyo asidi amino: nafaka zina upungufu wa kimoja, laisini, na kunde zina upungufu wa kingine, methionini. Kila moja hufidia mwenzake. Kwa kilo 10 mimi hupima hivi: mahindi kilo 2.5, ngano 2, mtama 1, alizeti nusu kilo, na kilo 4 za njegere kavu, choroko na kunde kwa pamoja. Mahindi yana protini asilimia 9 tu, kunde hizo zinakaribia 23, na jumla inafika kama 15.6. Chochote chenye ukungu kitupe, hasa mahindi, kwa sababu ya sumukuvu.

Hatua ya 3: Hakikisha wanakula ulichochanganya. Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Njiwa huchagua. Msimu mmoja nilijisifu kwa mchanganyiko wangu, kumbe kila jioni nilikuwa nafagia kunde zilizomwagwa chini na kuongeza chakula kipya juu. Kwenye ndoo protini ilikuwa 16. Ndani ya njiwa sijui kama ilifika 11. Dawa yake ni kupima. Njiwa mkubwa hula gramu 30 hadi 40 kwa siku. Jozi yenye makinda wawili wakubwa inaweza kuhitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Gawa asubuhi na jioni, na usiongeze punje mpaka za awali ziishe, hata zile wasizozipenda. Ila kwa wenye makinda usiwakazie mno: mzazi mwenye njaa hana cha kulisha.

Hatua ya 4: Maji na changarawe. Mzazi hunywa ndipo alishe, kwa hiyo chombo cha maji kikikauka mchana, makinda nao wamekosa. Changarawe husaga punje, na magamba ya chaza hutoa kalsiamu.

Hatua ya 5: Fuata umri wa kinda. Siku tatu au nne za kwanza ni maziwa matupu, kisha punje zilizolainika huanza kuingia, na kufikia siku ya kumi punje ndizo nyingi. Papasa gole jioni: liwe limejaa. Wiki ya tatu weka chombo kifupi karibu na kiota. Wakishaachishwa, kama wiki ya nne, usiwarudishe haraka kwenye mahindi matupu. Unyoya wenyewe ni protini, na ukikatishwa katikati huacha mstari dhaifu unaoonekana ukikunjua bawa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina maharage mengi ya kupikia. Nichanganye?*
Mabichi, hapana. Yana sumu inayoumiza utumbo. Soya mbichi nayo huzuia protini isimeng'enywe. Lazima ipikwe au ikaangwe kwanza.

*Chakula cha kuku wa mayai je?*
Kina kalsiamu nyingi mno kwa makinda. Chakula cha vidonge cha kuku wa nyama, kisicho na dawa, unaweza kuchanganya kidogo. Unga usiwape, wataumwaga tu.

*Jike ametaga tena na makinda wana wiki mbili na nusu. Amewachoka?*
Hapana kaka, hiyo ni kawaida kwa jozi iliyoshiba. Mpe kiota cha pili, dume ataendelea kulisha. Kifua cha jike kikiwa kimebaki mfupa, ondoa mayai hayo, weka ya bandia, apumzike.

*Wazazi wamekufa, kinda ana siku mbili. Nimpe maziwa ya ng'ombe?*
Usimpe dada yangu. Ndege hawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, na maziwa ya njiwa hayana sukari hiyo. Mhamishie leo hii kwa jozi yenye kinda wa umri uleule, mmoja tu. Kwa kawaida watamlisha. Angekuwa amevuka siku kumi, njegere zilizolowekwa zikapashwa vuguvugu zingetosha, ukimlisha moja moja kwa mkono.

*Tangu niongeze kunde, kinyesi kimekuwa majimaji.*
Protini iliyozidi hutolewa kupitia figo, na njiwa hunywa maji mengi ili kuiondoa. Shusha kunde hadi kilo 3 kwa 10 uangalie siku nne. Lakini kama kinyesi ni cha kijani na njiwa amejikunyata, au ndani ya mdomo kuna utando wa manjano, hilo si suala la chakula tena. Mtenge, umwite daktari wa mifugo, na uwachunguze makinda wake, maana ugonjwa huo wa mdomo hupita kwenye maziwa yaleyale.