Meza ya sebuleni kwa mikono yako: kuanzia mbao hadi vanishi ya mwisho

Meza ikipasuka katikati ya uso miezi michache baada ya kutengenezwa, gundi ndiyo hulaumiwa. Mara nyingi gundi haina kosa. Mbao ilitumika mbichi, au uso ulipigwa misumari moja kwa moja kwenye fremu ukakosa pa kuchezea. Mbao hunywa unyevu na kuutoa maisha yake yote, na kila inapofanya hivyo upana wake hubadilika. Urefu hauguswi kiasi cha kuonekana. Vipimo na viungo vya mwongozo huu vimepangwa kwa kufuata jambo hilo.

Meza tunayojenga ina urefu wa sm 110, upana sm 55 na kimo sm 43. Inajengeka kwa vifaa vya mkono pamoja na drili moja.

Mbao za kununua

Kwa mtu anayeanza, paini inatosha. Paini nyingi inayouzwa Dar es Salaam na Dodoma hutoka Mafinga na Njombe. Ni laini kwa patasi, na ukiharibu kipande hujapoteza pesa nyingi. Mninga ni mbao bora zaidi kwa fenicha kwa sababu hucheza kidogo sana kuliko mbao nyingine nyingi, lakini bei yake si ya kujifunzia. Ukiununua, kataa ubao wenye sehemu pana nyeupe pembeni. Hiyo nyeupe ndiyo bungua anaipenda: utaona vitundu vidogo kama vya pini na unga laini chini yake. Vumbi la mninga na la mvule huwasha kifua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa.

Mbao zenye rangi ya kijani kibichi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Hizo ziache zibaki kwenye paa na nguzo. Vumbi lake ni sumu, na haifai kuwa juu ya meza ya chakula.

Nunua (namba kama 1x6 ni unene na upana kwa inchi):

- 1x6 ya futi 12, mbili (uso)
- 1x4 ya futi 12, moja (fremu na vibanio)
- 2x2 ya futi 8, moja (miguu)
- gundi nyeupe ya mbao, robo lita
- skrubu za mm 30, nane
- msasa namba 80, 120, 180 na 320, karatasi mbili mbili
- vanishi ya polyurethane ya mafuta, lita moja (itabaki), na tapentaini nusu lita

Mbili za 1x6 zinatoa vipande sita vya sm 115, nasi tunahitaji vinne tu. Hiyo si hasara. Utachagua vinne vizuri na kuacha vile vyenye vifundo vikubwa au nyufa za mwisho. Dukani, inua kila ubao utazame kwa urefu wake kama anayelenga shabaha. Uliopinda kidogo upande mmoja unarekebishika kwa randa. Uliojisokota uache hapo hapo, kwani ukimaliza kuunyoosha utabaki mwembamba kama ubao wa sanduku la matunda.

Hatua ya 1: Hakikisha mbao imekauka

Muuzaji atasema imekauka. Pima mwenyewe. Kata kipande chembamba cha sm 3 kutoka kwenye ubao, angalau sm 30 ndani ya mwisho, maana miisho hukauka mapema na itakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hivi, kitoe na kukipima kila baada ya saa moja hadi uzito uache kupungua. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichotoka gramu 46 kikafika 40 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15.

Kwa nyumba za pwani, asilimia 13 hadi 15 inafaa. Kwa miji ya nyanda za juu yenye hewa kavu, lenga 11 hadi 13. Meza iliyotengenezwa Tanga ikapelekwa Dodoma itasinyaa hata kama ilikuwa "kavu" ilipoondoka.

Ikizidi asilimia 18, panga mbao kivulini mahali penye upepo. Weka vijiti vya unene wa sm 2 kila baada ya sm 50, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja ulionyooka, na uzito juu ya rundo. Vijiti visipokaa mstari mmoja, mbao zitapinda zikiwa zinakauka. Paka rangi au gundi kwenye miisho ili isipasuke. Rudia kipimo baada ya wiki tatu. Baada ya hapo ziingize ndani ya nyumba ambamo meza itakaa, zikae wiki moja kabla hujashika msumeno.

Hatua ya 2: Randa na kukata

Kama kuna mashine ya randa mtaani, lipia. Itakuokolea siku nzima. Omba 1x6 na 1x4 zitoke na unene wa sm 2, na 2x2 itoke sm 4.5 kwa 4.5.

Kata hivi:

- uso: vipande 4, sm 115 (vitapunguzwa baadaye)
- miguu: vipande 4, sm 44
- fremu ndefu: vipande 2, sm 95.6 kwa upana wa sm 8
- fremu fupi: vipande 2, sm 40.6 kwa upana wa sm 8

Miguu ina sm 3 za ziada upande wa juu, na ni za makusudi. Unapochonga tundu karibu na mwisho wa mguu, mbao hupasuka kirahisi. Ziada hiyo inaushika mguu hadi gundi ikauke, ndipo unaikata.

Hatua ya 3: Kuunganisha uso

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Panga vipande vinne juu ya benchi, geuza na badilisha hadi uso upendeze, kisha chora pembetatu moja kubwa ya penseli inayopita juu ya vyote. Hata vikichanganyika, pembetatu itakuambia kila kimoja kinakaa wapi.

Sasa kingo. Chukua vipande viwili vinavyokutana, vikunje kama kitabu ili nyuso za juu ziangaliane, vibane pamoja kwenye jiriwa na upige randa kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Randa ikiwa imelala kidogo upande mmoja haidhuru: ukivifungua, kosa la kingo moja linafutwa na la mwenzake na uso unakaa sawa. Simamisha kimoja juu ya kingine bila gundi, weka taa ya simu nyuma. Mwanga ukipita katikati kwa unene wa karatasi tu, ni sawa, klempu zitaufunga. Ukipita kwenye miisho, rudia randa, maana miisho ndiyo itakayoachia kwanza.

Paka gundi kingo moja, itandaze kwa kidole hadi iwe filamu sawa. Kwenye joto la mchana una dakika kama tano kabla haijaanza kushika, hivyo andaa klempu kwanza. Kaza hadi matone madogo yatokeze mstari mzima. Yasipotokeza, gundi ni chache. Ikimwagika kama maji, umepaka nyingi. Usikaze kwa nguvu zako zote kwani gundi itakamuliwa yote na kiungo kitabaki kikavu.

Huna klempu ndefu? Pigilia fito mbili juu ya mbao nene, zikiwa zimeachana sm 60, weka karatasi ya nailoni chini, laza uso katikati na uubane kwa kabari za mbao zinazogongwa mbili mbili kutoka pande zinazopingana. Weka pia uzito juu, la sivyo uso utainuka katikati.

Gundi iliyotokeza usiifute kwa kitambaa cha maji. Maji huisukuma ndani ya mbao na baadaye vanishi itaonyesha madoa meupe. Subiri nusu saa hadi iwe kama mpira, uikwangue kwa patasi. Acha kwenye klempu usiku mzima. Kesho yake kata uso kwa sm 110 kwa 55.

Hatua ya 4: Tundu na ulimi

Fremu inaungana na miguu kwa ulimi, yaani mwisho wa kipande cha fremu unaochongwa mwembamba ili uingie ndani ya tundu la mguu. Ulimi huo una unene wa mm 10, urefu mm 23 na upana sm 6. Ulimi unapunguzwa sm 1.5 juu na mm 5 chini, ili tundu lisifike mwisho wa mguu.

Chonga tundu kwanza, kwa sababu ulimi ni rahisi kupunguza kuliko tundu kuongezwa. Toboa mashimo kwa biti ya mm 9, kina mm 25, kisha nyoosha kuta kwa patasi ya mm 10. Zile mm 2 za ziada chini ni chumba cha gundi. Zikikosekana, gundi hubanwa chini na kusukuma ulimi nje, au kupasua mguu. Tundu lianze mm 10 kutoka uso wa nje wa mguu. Kwa vipimo hivi matundu mawili ya mguu mmoja yanagusana pembeni tu bila kukatana.

Kwenye mabega ya ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia na unene kamili wa fremu unapoishia, chora mstari kwa kisu, si penseli pekee. Kisu hukata nyuzi na msumeno hauzinyofoi.

Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa kwa kugongwa kidogo. Ukidondoka wenyewe ni mlegevu, na gundi nyeupe haijazi pengo: bandika kipande cha taka ya randa ubavuni, kiache kikauke, uchonge upya. Ukihitaji nyundo tangu mwanzo, punguza, la sivyo mguu utapasuka.

Unganisha yote bila gundi kwanza. Kisha bandika kwa gundi pande fupi mbili, ziache zikauke, ndipo ufunge pande ndefu. Kabla ya kuondoka pima kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya mm 2, legeza klempu na uzihamishe kidogo kuelekea kona zile mbili zenye kipimo kirefu. Ikikauka, kata zile sm 3 za juu za miguu ziwe sawa na fremu. Mguu unabaki na sm 41, na pamoja na uso unapata sm 43.

Hatua ya 5: Kufunga uso ili ucheze

Uso wa paini wa sm 55 unaweza kupanuka na kusinyaa mm 3 hadi 5 kati ya masika na kiangazi. Skrubu zilizofungwa moja kwa moja zitazuia hilo, na mbao itajitafutia nafasi kwa kupasuka.

Tengeneza vibanio vinane, vipande vidogo vya kushikia uso kwenye fremu, kutoka mabaki ya 1x4, kila kimoja sm 4 kwa 3, unene sm 2. Upande mmoja uwe na ulimi wa unene wa mm 9 unaoanza mm 11 kutoka juu. Ulimi ufuate uelekeo wa nyuzi. Ukikatiza nyuzi utavunjika siku ya kwanza. Ndani ya fremu chonga mifuo (mifereji) ya mm 10 inayoanza mm 12 kutoka ukingo wa juu. Ulimi wa kibanio unaingia kwenye mfuo, na skrubu inapita kwenye kibanio kutoka chini hadi kwenye uso. Tofauti hiyo ya mm 1 ndiyo inayovuta uso chini skrubu inapokazwa. Weka vibanio vitatu kila upande mrefu, ukiacha pengo la mm 4 kati ya kibanio na fremu, na kimoja katikati ya kila upande mfupi.

Tumia skrubu za mm 30. Ya mm 40 itafika juu ya uso.

Hatua ya 6: Msasa

Ondoa uso kwenye fremu kwanza. Anza na 80, kisha 120, kisha 180, daima kwa kufuata nyuzi. Kabla ya kila namba, chora mistari myepesi ya penseli juu ya uso. Ikifutika yote, namba hiyo imemaliza kazi. Mikwaruzo iliyobaki haionekani ukitazama kutoka juu. Laza tochi ya simu pembeni ya mbao na utaiona yote. Ukiruka namba, 180 haitafuta mikwaruzo ya 80, na vanishi itaikuza.

Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke, kisha pitisha 180 tena kidogo kuondoa nyuzi zilizosimama.

Hatua ya 7: Vanishi

Mafundi wengi wa mjini hupuliza NC, yaani vanishi ya nitroselulosi inayochanganywa na thina, kwa sababu hukauka haraka. Nyumbani haifai. Inataka kompresa, moshi wake ni mkali, na siku yenye unyevu mwingi hugeuka ukungu mweupe: thina inapopaa upesi hupoza uso hadi maji ya hewani yanagandia juu yake. Vanishi ya mafuta ya kupakwa kwa brashi inasamehe zaidi. Usipake NC juu ya vanishi ya mafuta. Thina yake itaivuruga ya chini na kuikunja.

Kwa mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, changanya vanishi sehemu tatu na tapentaini sehemu moja ili uzame. Koroga polepole, usitikise bati, viputo vitabaki kwenye uso. Subiri siku nzima, piga msasa wa 320 hadi uso uwe na weupe wa vumbi, pangusa, paka mkono wa pili usiochanganywa. Rudia kwa wa tatu. Uso wa chini usioonekana nao upake angalau mara mbili. Ukiuacha wazi, unyevu utaingia upande mmoja tu na uso utakunjika kama sahani.

Vanishi ikibaki yenye kunata baada ya siku mbili, sababu kwa kawaida ni mkono mzito mno, mkono wa chini ambao haukukauka, au mbao yenye mafuta yake. Ipeleke penye hewa na usiongeze mkono mwingine juu.

Wapo wanaopenda mafuta ya kitani badala ya vanishi. Yanapendeza, lakini matambara yaliyoloa mafuta hayo hujichemsha yenyewe na kuwaka yakirundikwa. Yaanike moja moja nje, au yaloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa.

Meza ikishagusika, irudishe kwenye fremu, lakini kikombe cha moto na kitambaa cha plastiki visubiri wiki mbili. Vanishi iliyokauka juu bado ni laini ndani, na plastiki itaacha alama isiyotoka mpaka upige msasa upya.