Siku chache kabla ya kwenda saluni: mwongozo wa msusi wa Lamu

Mimi ni msusi hapa Lamu mjini, upande wa Langoni. Wateja wangu ni wanawake wa mitaa ya hapa, wa Shela, na wengine huvuka kwa boti kutoka Mokowe. Kazi ikiharibika, mara nyingi huwa imeshaharibika kabla mteja hajavua buibui. Kichwa kimekunwa usiku kucha, rasta za zamani zimefumuliwa alfajiri kwa haraka, au kuna kitu kilitiwa kwenye nywele miezi miwili nyuma na hakikutajwa. Dada yangu, fuata hatua hizi na utanisaidia nikusaidie.

Hatua ya 1: Weka miadi, na uliza maswali yako mapema

Siku za kuelekea Idi, msimu wa harusi na wakati wa Maulidi, saluni hujaa. Piga simu wiki moja au zaidi kabla. Tuma picha ya mtindo unaoutaka pamoja na picha ya nywele zako zilivyo sasa, ili msusi ajue itachukua muda gani. Rasta ndogondogo zinaweza kula siku nzima. Matuta ya kawaida ni saa moja au mbili. Uliza nani ananunua nywele za kusukia na zinatakiwa pakiti ngapi.

Kama unajisitiri, uliza pia kama saluni ni ya wanawake watupu, kama mlango una pazia, na kama wasusi hupiga picha za wateja. Una haki ya kusema "sitaki picha", na uyaseme hayo kwenye simu, usingoje kichwa kiwe nusu kimesukwa.

Hatua ya 2: Kumbuka kila kilichopita kwenye nywele zako

Hapa ndipo ninapoomba umakini wako wote. Kaa chini, urudi nyuma mwaka mzima. Dawa ya kunyoosha ya aina gani, mwezi gani? Kali, ile dawa ya kutia mawimbi, je? Rangi? Hina? Piko? Kama una pakiti au picha ya pakiti, njoo nayo.

Nauliza kwa sababu dawa hizi hazipatani. Nywele zilizotiwa kali hazitakiwi kupakwa dawa ya kunyoosha juu yake, wala kinyume chake, zinakatika. Hina halisi ya majani ya mhina, ile tunayoisaga na kuikoroga wenyewe, haina tatizo kubwa. Tatizo ni pakiti zinazoitwa hina lakini ndani zimechanganywa na chumvi za madini. Nywele zenye chumvi hizo zikikutana na peroksaidi iliyo kwenye blichi na rangi za kudumu, hupata moto na kuungua. Mteja asipokuwa na uhakika, nachukua nywele chache zilizobaki kwenye kitana, nazitumbukiza kwenye kikombe cha peroksaidi yenye matone ya amonia, nangoja nusu saa. Zikitoa povu, zikipata joto au zikibadilika rangi ghafla, hatupaki kitu siku hiyo.

Piko nayo ina habari yake. Piko nyingi wanazopakwa bibi harusi mikononi zina kemikali ya PPD, na kemikali hiyo hiyo imo katika rangi nyingi nyeusi za nywele. Kwa hiyo kama piko iliwahi kukuwasha au kukutoa malengelenge, mwambie msusi kabla hajafungua chupa ya rangi. Mwili uliokwisha kuikataa PPD mkononi utaikataa na kichwani, na huko uso hufura mpaka macho yakafumba. Hata kama hujawahi kudhurika, pita saluni siku mbili kabla upakwe tone dogo la rangi nyuma ya sikio. Ngoja saa 48. Ikiwasha, acha rangi.

Hatua ya 3: Fumua rasta za zamani siku 2 au 3 kabla

Usifumue siku ile ile. Ngozi ya kichwa inahitaji kupumua, na mikono yenye haraka hukata nywele.

Kata nywele za bandia chini ya pale zako zinapoishia, kisha fumua kwa ncha ya kitana cha mkia, ukianzia chini kwenda juu. Karibu na mzizi utakuta kipete cha uchafu wa kijivu: vumbi, mafuta na mba vilivyoshikamana. Tia tone la mafuta ya nazi pale, ukisugue kwa vidole mpaka kilegee, halafu ukichane. Kipete hicho kiondoke kabla maji hayajagusa kichwa, kwani kikilowa hujifunga fundo ambalo dawa yake ni mkasi.

Utaona bonge la nywele kwenye kitana, na wengi huogopa. Kichwa kizima hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku. Ukikaa na rasta wiki 6, yaani siku 42, ni nywele kama 2,100 hadi 4,200 zilizong'oka na kubaki zimenaswa humo. Usiwe na wasiwasi. La kutia wasiwasi ni vipande vifupi vilivyokatika katikati, hivyo nionyeshe.

Hatua ya 4: Kuosha au kutoosha

Inategemea unakuja kufanya nini.

Ukija kusukwa, osha jana yake kwa shampuu, tia kondishena, chambua mafundo kwa vidole kabla ya kitana. Maji ya visima vingi vya hapa mjini yana chumvi. Shampuu haitoi povu vizuri na nywele hubaki ngumu. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, ya mvua ukiwa nayo.

Ukija kutiwa dawa au kufanya ritachi, yaani kupaka dawa kwenye nywele mpya zilizoota mzizini, usioshe na usijikune kwa siku 3 au zaidi. Dawa ya kunyoosha inaweza kuwa na pH ya 13 hivi, yaani huunguza ngozi, na mafuta ya asili ya ngozi ni kinga yako. Kila alama ya ukucha ni mlango wa kuungua. Kama umeogelea baharini wiki hiyo na kichwa kina chumvi, sema, tutasogeza siku. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ritachi ya kabla ya wiki 8 haina cha kupaka ila kuchoma nywele zilizokwisha nyooka.

Hatua ya 5: Zikauke kabla ya mtandio

Kwa joto na unyevu wa hapa, nywele mbichi zilizofungwa chini ya mtandio hunuka na kuchochea mba. Osha mchana ukiwa nyumbani, kaa kichwa wazi mpaka mizizi ikauke.

Hatua ya 6: Angalia ngozi ya kichwa

Mwombe dada au mama akutazame utosini na kisogoni. Vidonda, chawa au mapunye, tunaahirisha. Mapunye, hasa kwa watoto, hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake. Huhitaji dawa ya kumeza, basi mpeleke mtoto hospitali kwanza. Hakuna aibu, na tutalinda vichwa vya wengine.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kula. Vaa nguo inayofunguka mbele, si dira ya kuvulia kichwani. Njoo na mtandio wa satini, kwani pamba huvuta nywele. Ukitoka kwa boti, funga kichwa vizuri. Upepo wa kusi hutatiza nywele upya. Ukiwa na sala ya adhuhuri katikati, nijulishe nipange kazi.

Hatua ya 8: Ukikaa kitini, sema

Ikiuma, sema hapo hapo. Msuko hautakiwi kukuvuta nyusi wala kukunyima usingizi, na kumeza panado kwa ajili ya nywele si jambo la kawaida hata kama shoga zako wote hufanya hivyo. Mvuto wa mara kwa mara huua mizizi ya kwenye kipaji cha uso, na ikifa haioti tena. Ukiona vipele vyeupe kwenye ukingo wa nywele usiku ule, usivumilie mpaka wiki iishe. Rudi kesho asubuhi, mistari ya mbele ifumuliwe na isukwe upya kwa kulegezwa.