Kujitolea katika chama cha kuhifadhi majengo ya kale: kazi zilivyo na namna ya kuzifanya

Wengi wanaojiunga na chama cha kuhifadhi historia huja wakiwa na hamu ya kushika mwiko na brashi ya rangi. Hamu hiyo ni njema, lakini ikitangulia ndiyo inayoharibu. Majengo mengi ya kale yameumizwa na watu wenye nia nzuri walioanza kutengeneza kabla ya kuangalia. William Morris, msanii na mwandishi wa Kiingereza, na wenzake walipoanzisha chama cha kulinda majengo ya kale Uingereza, mwaka 1877, walichokuwa wakipinga si ubomoaji tu. Walipinga pia mafundi waliokuwa wakikwangua makanisa ya karne nyingi ili yaonekane mapya. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, uliliweka jambo hilo wazi: kurejesha jengo katika hali yake ya zamani kukome pale kubahatisha kunapoanza.

Kwa hiyo kazi ya mtu wa kujitolea, kwa sehemu kubwa, ni kuangalia, kupima, kuandika na kutunza. Kurekebisha huja baadaye, na mara nyingi si yeye anayerekebisha.

Kabla ya kujiandikisha

Uliza mambo matatu. Je, chama kina bima inayomhusu mtu wa kujitolea akiumia au akivunja kitu? Nani atakusimamia kwa jina, si "kamati"? Na je, kazi wanayokupa inahitaji kibali cha mamlaka ya urithi au ya ujenzi? Jengo lililo kwenye orodha ya ulinzi kwa kawaida huwezi kulibadilishia hata dirisha bila kibali, na kosa hilo linaweza kumwangukia mwenye jengo na chama pia.

Kisha toa muda unaoweza kuutimiza. Saa 2 kila wiki, siku ileile, zina faida kuliko ahadi ya "nikipata nafasi". Sema pia unachokijua kikazi. Vyama vingi havikosi watu wa kuongoza wageni. Vinachokosa ni mtu wa kuweka hesabu, fundi umeme anayeelewa nyaya za zamani, na mtu anayeweza kusoma mwandiko wa mkono wa zama zilizopita.

Ukaguzi wa jengo: anza juu, fuata maji

Adui wa kwanza wa jengo ni maji, basi ukaguzi hufuata njia ya maji: paa, mifereji ya paa, mabomba ya kuteremshia maji, kuta, kisha ardhi inayozunguka msingi. Nenda mara moja wakati wa mvua. Ukikagua wakati wa ukame utaona doa ukutani, ila hutaona bomba lililoziba linalomwaga maji pembeni. Mchanga au udongo uliopanda nje mpaka ukazidi kimo cha sakafu ya ndani ni chanzo cha unyevu kinachosahauliwa sana, na tiba yake ni koleo tu, baada ya kuhakikisha kwamba ardhi hiyo haina mabaki ya kale.

Ufa usiuzibe kwanza. Chora mistari miwili midogo ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa milimita, andika tarehe, na urudie kila mwezi. Ikiwa ukuta una plasta ya kale au michoro, usichore juu yake. Piga picha yenye rula badala yake. Ufa usiosogea kwa mwaka mzima si sawa na ule unaopanuka. Huo wa pili ni wa mhandisi, tena upesi.

Picha

Hapa ndipo watu wa kujitolea huacha alama ya kudumu, au hupoteza kazi ya miezi. Kosa kubwa ni picha nzuri zisizojulikana zimepigwa wapi.

Nje, piga pande zote nne ukiwa umesimama mkabala na ukuta, kisha pembe nne. Ndani, ingia chumbani, anza na mlango ulioingilia, zunguka kufuata mwelekeo wa saa, ukuta kwa ukuta, malizia na dari na sakafu. Usibadilishe mpangilio huo hata chumba kikiwa kidogo kiasi gani. Kwa kitu cha karibu, kama bawaba, nakshi au mahali palipooza, piga picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha kilipo, nyingine ya karibu ikiwa na rula ndani ya fremu.

Siku hiyohiyo yape mafaili majina. Mpangilio wa mwaka, mwezi, siku huyafanya yajipange yenyewe: 2025-03-14_J07_ch03_kaskazini_02 maana yake ni jengo la 7, chumba cha 3, ukuta wa kaskazini, picha ya 2. Picha ya asili haiguswi. Ukitaka kuongeza mwanga au kukata pembeni, fanya kwenye nakala. Nakala ziwe 3, katika vyombo vya aina 2, na moja ikae jengo lingine kabisa. Flashi moja ndani ya droo ya katibu si hifadhi.

Vipimo

Timu ya watu watatu hutosha: wawili washike futi (utepe wa kupimia), mmoja aandike. Mwandishi arudie kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Pima kwa mfululizo kutoka pembe moja: laza futi ukutani mara moja, usome mlango unaanza wapi, unaishia wapi, dirisha linaanza wapi, mpaka mwisho wa ukuta. Ukipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, makosa madogo hurundikana.

Chukua pia vipimo vya mshazari, pembe kwa pembe. Vyumba vya kale ni nadra kuwa na pembe mraba, na bila mshazari mchoro hautafunga. Ramani ya sakafu huchorwa kana kwamba jengo limekatwa kwa ulalo kiasi cha mita 1 juu ya sakafu, ili milango na madirisha yote yaonekane. Skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 50 za jengo, inafaa nyumba nyingi. Karatasi za mchoro wa awali, chafu na zenye marekebisho, zitunzwe. Mchoro safi ukitiliwa shaka, ndizo zitakazoamua.

Ukipewa kazi ya ukuta

Jifunze kwanza kwa nini saruji ni hatari. Ukuta wa kale wa mawe au matofali uliojengwa kwa chokaa hupumua: unyevu unaoingia hutoka nje kupitia viungo vilaini kati ya mawe. Ukiviziba kwa saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi, unyevu hulazimika kupitia kwenye jiwe lenyewe. Chumvi iliyomo huganda chini ya uso wa jiwe, na uso humeguka. Baada ya miaka kadhaa utaona viungo vya saruji vimesimama wima na mawe yamelika katikati, mfano wa sega la nyuki. Kanuni ni moja: kiungo kiwe dhaifu kuliko jiwe, kwa sababu kiungo hubadilishwa na jiwe halibadilishwi.

Kwa kuziba viungo, toa uchafu uliolegea kwa mkono, kwa kipande cha mti au patasi nyembamba. Usitumie mashine ya kukatia. Hukata kingo za mawe na kovu lake halifutiki. Ingia ndani mara 2 ya upana wa kiungo: kiungo cha milimita 10 kichimbwe milimita 20. Piga mswaki, kisha nyunyiza maji mpaka ukuta uwe na unyevu bila kutiririsha. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ikirukwa jiwe kavu hufyonza maji ya mchanganyiko, nao hugeuka unga.

Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa sehemu 3 za mchanga. Mchanga uwe safi, usio na chumvi, wenye chembe kubwa na ndogo zenye kona. Mchanga wa pwani haufai. Changanya ukiwa mgumu; ukiuongeza maji ili ulainike, utapasuka ukikauka. Sukuma ndani kwa nguvu, tabaka kwa tabaka, na funika kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa, jua na upepo visiufikie. Chokaa haikauki tu kama tope. Hugeuka polepole kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo.

Vaa miwani ya kujikinga na glavu za mpira. Chokaa ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mfululizo kwa dakika 20 na uende hospitali. Chokaa hai iliyotoka tanuruni usiiguse kabisa bila fundi. Inapokutana na maji huchemka na kuruka, na daima chokaa ndiyo huongezwa kwenye maji, si maji kwenye chokaa.

Mawe ya makaburi

Gonga jiwe taratibu kwa kifundo cha kidole. Likitoa sauti tupu, au likiwa linabanduka, liache na uandike tu. Lililo imara husafishwa kwa maji safi na brashi laini isiyo ya waya, kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore mistari kwenye sehemu kavu. Hakuna dawa ya kung'arishia nguo, siki, wala pampu ya maji ya nguvu. Siki na asidi nyingine hula marumaru na mawe ya chokaa papo hapo. Maandishi yasiyosomeka yasipakwe chaki wala unga. Subiri jua lipige kwa upande, au elekeza mwanga kwa kioo sambamba na uso wa jiwe. Herufi hujitokeza kwa vivuli vyake.

Karatasi, picha za kale na vitu

Kitu kisipokelewe mlangoni bila stakabadhi na fomu ya kukabidhi umiliki. "Nimewaachia tu" huzaa ugomvi wa warithi. Kila kitu kipewe namba ya sehemu tatu: 2025.12.3 ni zawadi ya 12 ya mwaka 2025, kitu cha 3 ndani yake. Kwenye karatasi, andika namba kwa penseli ya 2B nyuma, pembeni, ikiwa juu ya meza ngumu. Kwenye nguo, shona kitambaa chenye namba. Kwenye chuma au kauri, namba hukaa juu ya tabaka la vanishi inayoweza kuondolewa, si juu ya kitu chenyewe.

Nawa mikono na uikaushe. Kwa karatasi mikono safi ni salama kuliko glavu za pamba, ambazo hukunyima hisia za vidole na kuchana kingo. Glavu za nitrili ni kwa picha, filamu na chuma. Ondoa mipira ya kufungia na pini zenye kutu. Usitumie utepe wa kunata hata mara moja, maana gundi yake huwa kahawia na kupenya. Kabati za chini ziinuliwe sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni.

Skani nyaraka kwa nukta 300 hadi 400 kwa inchi, picha zilizochapishwa kwa 600, zote kwa rangi hata zikiwa nyeusi na nyeupe. Hifadhi faili la TIFF, lisilopoteza ubora, kuwa asili, na la JPEG, lililo dogo, liwe la kutumia. Karatasi zikilowa, una takriban saa 48 kabla ya ukungu kuanza. Zisizoweza kuanikwa kwa wakati zifungwe kwa mafungu madogo na kugandishwa kwenye friza.

Kurekodi wazee

Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 48 na biti 24. Zima feni, friji na saa ya ukutani. Mwanzoni taja tarehe, mahali na waliomo, kisha uliza swali na unyamaze. Ukimya wa sekunde tano huleta zaidi ya swali la pili. Fomu ya ridhaa isainiwe, ikieleza rekodi itatumikaje. Jihesabie saa 4 hadi 6 za kuandika kwa kila saa moja ya mazungumzo. Usirekodi watu kumi ikiwa una muda wa kuandika wawili.

Usalama

Usiingie peke yako kwenye jengo lililoachwa. Tembea ukifuata kuta, maana sakafu ya mbao hupinda zaidi katikati ya chumba, ila tahadhari huko nako: ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza pia. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, isipigwe msasa mkavu. Mabati ya saruji na vifuniko vya mabomba vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, visitobolewe wala kuvunjwa. Kinyesi cha popo na njiwa kinaweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu. Vaa barakoa ya N95 na usifagie kikiwa kikavu.

Ukiondoka

Watu wa kujitolea huhama, huugua, huchoka. Weka tangu mwanzo daftari moja la makabidhiano: kazi ilipofikia, mafaili yaliko, funguo ulizonazo, nywila zilizo kwa katibu, na orodha ya vitu ulivyovitoa kwenye masanduku na bado havijarudishwa. Lisasishe kila mwisho wa mwezi, na siku ya mwisho lipitie pamoja na atakayepokea, kabati kwa kabati, mkiwa na kitu chenyewe mkononi.