Kuvua kwa chambo cha manyoya kwenye maji mafupi ya Pwani: pa kuanzia

Mvuvi wa mshipi wa mkono akishika rodi ya chambo cha manyoya kwa mara ya kwanza, nusu ya kazi anaijua tayari: anayasoma maji, na mkono wake unajua kukutua, yaani kuvuta mshipi kwa ghafla ili ndoana ishike. Aliyezoea kuvua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya ndiye mwenye mengi ya kusahau, kama utakavyoona hatua ya nne.

1. Chagua maji kabla ya kuchagua rodi

Tafuta bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Kuanzia Mombasa hadi Zanzibar, siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kufikia saa kumi au kumi na moja jioni, na tofauti yake hupita mita 3. Muda wako ni saa mbili tatu za mwanzo maji yanapoanza kurudi. Changu na kolekole wadogo huacha mkondo na kupanda kwenye mchanga na majani bahari kutafuta kaa na kamba. Bahati nzuri ni kwamba hapo jua liko utosini, na huu ni uvuvi wa macho. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, hayasogezi samaki hivyo. Yatumie kujifunzia kurusha.

Hifadhi za baharini zina masharti yake, na mbuga za bahari za Kenya haziruhusu uvuvi hata kidogo. Uliza BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) ya ufukwe huo kabla ya kuingia majini.

2. Funga vifaa

Chambo hiki ni chepesi kama unyoya wa kuku na hakina chubwi, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni uzito wa mshipi wenyewe. Ndiyo maana namba ya rodi na namba ya mshipi lazima zilingane. Anza na namba 8, rodi ya futi 9, na mshipi unaoelea. Futi 30 za mbele za mshipi wa namba 8 zina uzito wa karibu gramu 13.6. Nunua uliotengenezwa kwa nchi za joto, kwa sababu ule wa maji baridi ukipigwa na jua la saa saba hulegea kama tambi zilizoiva na kugoma kupita kwenye pete za rodi.

Kwenye rili tanguliza mita 150 hadi 200 za uzi wa akiba wa pauni 30, kisha mshipi, kisha nailoni ya mbele ya futi 9 yenye nguvu ya pauni 16. Kwa mzia, mwenye meno makali, ongeza waya wa sentimita 15, la sivyo utarudi na uzi mtupu.

Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza: vuta uzi, ianze kuachia kwenye kilo 2 hivi. Ikikazwa zaidi, nailoni itakatika samaki anapoanza kukimbia.

Chambo cha kwanza kiwe Clouser Minnow, nyeupe na kahawia hafifu, ndoana namba 4 hadi 1. Macho yake ya chuma huigeuza ndoana itazame juu, isinase majani. Kifunge kwa fundo la kitanzi ili kicheze, na ubane kijino cha ndoana kwa koleo.

3. Rusha mita 12 tu

Jifunzie kwenye nyasi, maana mchanga hukwaruza mshipi. Kosa kubwa ni kuanza kusukuma mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umeharakisha. La pili ni kuulegeza mkono kwenye kifundo, mshipi ukaanguka chini nyuma yako. Mita 12 zilizotua pazuri kwa mirusho miwili ya hewani (mshipi ukienda nyuma na mbele bila kutua majini) zina faida kuliko 25 za kujionyesha, kwani kila mrusho wa ziada ni kivuli juu ya samaki.

Simama upepo uje kutoka upande usiorushia. Kusi likivuma upande wa mkono wa kurushia, geuka umpe samaki mgongo na uachie mrusho wa nyuma. Miwani ya kukata mng'ao ni lazima: utaona samaki, na ndoana haitakufikia jichoni.

Mkiwa wawili chomboni, mkubaliane juu ya saa za kuonyesha upande, mbele ya chombo ikiwa juu ya uso wa saa. Mgeni akisema samaki yuko saa kumi kwa hesabu ya kwao, anaonyesha mbele kushoto. Kwa saa ya Kiswahili hapo ni saa nne. Saa kumi yetu iko nyuma kulia, kinyume kabisa.

4. Vuta, usinyanyue

Tua mita 2 mbele ya njia ya samaki. Ncha ya rodi iguse maji na ielekee chambo. Kwa changu, acha kizame, vuta sentimita 10, tulia. Kolekole anataka mbio: bana rodi kwapani uvute kwa mikono miwili bila kusita.

Mshipi ukiwa mzito, ukutue kwa mkono wa kushoto moja kwa moja nyuma, kama unavua kwa mshipi wa mkono. Hapa ndipo wavuvi wa trauti hukosa: wananyanyua rodi, ncha inapinda na kumeza nguvu yote, chambo kinachomoka mdomoni. Ukikutua kwa mkono na samaki akakosa, chambo kimesogea kidogo tu na anaweza kurudi.

Akinasa, tazama mshipi uliolala miguuni, usimtazame samaki. Kitanzi kikishika kiatu au kitasa cha rili, kwaheri.

5. Miguu na maji yanayorudi

Buruta nyayo, usizinyanyue, ili samaki taa, mwenye mwiba mkiani, asikie na kuondoka. Vaa viatu vya soli ngumu. Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, huku ukipelekwa hospitali.

Mikondo hujaa kabla ya tuta la mchanga ulilosimama. Chomeka kijiti ukingoni unapovuka. Maji yakipanda kwenye kijiti hicho hadi usawa wa goti, rudi.

6. Jioni

Samaki wa kuachia asitoke majini, na mikono ilowe kwanza. Wa kitoweo aingie kwenye barafu mara moja.

Suuza rili kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka taratibu, breki ikiwa imekazwa; mpira wenye presha husukuma chumvi ndani. Kisha legeza breki. Anika vyambo usiku kucha kabla ya kuvirudisha, maana ndoana moja yenye kutu hutia doa kisanduku kizima.