Unakuza mboga ndani? Hewa ya ukaa unayo tayari kwenye udongo

Wadau wa Mwanza mnaootesha mchicha na miche ya nyanya ndani ya chumba, jamani msihangaike na mitungi ya kabonidayoksaidi (ndo hiyo hewa ya ukaa, mimea inaila kwenye mwanga), udongo wako ukiwa umeshiba mboji na samadi iliyooza vijidudu vyake vinapumua masaa 24 na vinaitoa hiyo hewa bure kabisa. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa kama sehemu 420 kwa milioni, chumba kikifungwa usiku hiyo ya ukaa inapanda maana mimea nayo inapumua tu haili, ila mchana kwenye mwanga mkali majani mengi yanaweza kuimaliza mpaka ikashuka chini ya ya nje, hapo ndo ufungue dirisha upepo wa ziwani uingie, au weka feni ndogo majani yatikisike kidogo.

Na mnaochota magugumaji pale ufukweni, tafadhali yaozeshe nje kwanza, ingiza mkono katikati ya lundo, kama bado kuna joto au inanuka amonia usiingize ndani, itaunguza mizizi ya miche. Chumba chenyewe msilale ndani mkiwa mmefunga kila kitu, hasa watoto.